Kumvua kichwabapa kwa chambo bandia katika maji ya kina kifupi, mashariki mwa Australia

Kichwabapa ni samaki wa kuvizia. Kolekole na nguru hupata riziki yao kwa kukimbiza, lakini yeye hujifukia mchangani mpaka yakabaki macho mawili tu juu, akaelekeza kichwa upande mkondo unakotokea, kisha akangoja maji yamletee chakula mdomoni. Mvuvi akilishika jambo hili moja, sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata ataweza kuyakisia mwenyewe. Wengi wanaorudi mikono mitupu walikuwa na chambo kizuri na fimbo nzuri. Walikipitisha tu chambo hicho nusu mita juu ya kichwa cha samaki, au walikipitisha mahali ambapo hapakuwa na samaki aliyelala.

Ninayemzungumzia hapa ni Platycephalus fuscus, ambaye Waaustralia humwita dusky flathead, naye ndiye mkubwa kuliko jamaa zake wote wa nchi hiyo. Hupatikana kwenye milango ya mito, mahori, ghuba na maziwa ya chumvi ya pwani ya mashariki, kuanzia pande za Cairns huko Queensland hadi Gippsland Lakes katika jimbo la Victoria. Anaweza kufikia urefu wa mita 1.2 na uzito wa kilo 15, ingawa wengi watakaoshika ndoana yako watakuwa kati ya sentimita 35 na 60. Wale wakubwa sana karibu wote ni majike, na jambo hilo lina uzito wake tutakapofika kwenye suala la nani wa kuchukuliwa nyumbani na nani wa kurudishwa majini. Pwani yetu nayo ina ndugu yake, Platycephalus indicus, anayeenea kutoka Afrika Mashariki na Bahari ya Shamu mpaka Asia, kwa hiyo msomaji wa Tanga, Lamu au Maskati aliyewahi kuinua wavu akakuta samaki wa rangi ya mchanga, kichwa kimebanwa kama aliyekanyagwa, anamjua tayari kwa sura.

Kusoma mchanga kabla ya kutupa

Siku ya kwanza katika mahali usipopajua, nakushauri uache fimbo nyumbani. Nenda maji yakiwa yamekupwa kabisa, utembee juu ya mafungu yaliyoachwa wazi, na utazame chini. Kichwabapa anapoondoka kufuata maji yanayokupwa huacha alama ya mwili wake mchangani, yaani kishimo kifupi chenye umbo la mkuki, kipana upande wa kichwa na chembamba upande wa mkia. Alama hizo husema mambo matatu kwa mpigo: kwamba samaki wapo, kwamba wana ukubwa gani, na kwamba maji yalipokuwa juu walikuwa wakitazama upande upi. Nikikuta alama kumi au kumi na tano zimekusanyika kandokando ya kijifereji kimoja, siendi kutafuta kwingine wiki hiyo.

Tazama pia kilichopo karibu na alama, kwa sababu samaki huyu halali mahali bila sababu. Chakula chake ni kamba, kaa wadogo, mikizi wachanga na samaki wengine wadogo wanaopanda juu ya mafungu maji yanapojaa na kulazimika kushuka yanapokupwa. Kwa hiyo atalala mahali ambapo hao wote watabanwa kupita: kwenye mdomo wa mfereji unaotoa maji ya fungu kuyapeleka kilindini, kwenye ukingo ambapo nyasi bahari zinakoma na mchanga mtupu unaanza, kwenye mteremko unaotoka maji ya magoti kwenda maji ya kifua, au pembeni mwa eneo lililojaa vitundu vya wale kamba wanaochimba matopeni. Katikati ya uwanda mpana wa mchanga usio na nyasi wala shimo wala mteremko anaweza kuwapo, lakini kumtafuta hapo ni sawa na kutafuta sarafu iliyodondoka sokoni.

Mahali penye sifa hizi ni pengi. Karibu na Brisbane kuna Moreton Bay na mkondo wa Pumicestone Passage. Kusini zaidi kuna Jumpinpin, ule mlango ambao bahari yenyewe iliuchimba mwaka 1896 ilipokipasua kisiwa cha Stradbroke vipande viwili, na baada ya hapo kuna Broadwater ya Gold Coast. Katika New South Wales, mdomo wa mto Clarence, Lake Macquarie, St Georges Basin na Tuross vinajulikana sana kwa wavuvi wa chambo bandia. Ukifika Victoria, Mallacoota ndiyo ningekuelekeza kwanza, hasa kama huna mashua, maana kingo zake nyingi hufikika kwa miguu.

Maji na majira

Wakati ulio bora ni saa mbili au tatu za mwisho za maji kupwa, pamoja na saa ya kwanza baada ya maji kugeuka na kuanza kujaa. Maji yakiwa juu, chakula hutawanyika juu ya mafungu na ndani ya mikoko, na samaki hutawanyika nyuma ya chakula. Yakishuka, vyote hukusanywa kwenye vijifereji vichache, na kazi yako hupungua kutoka kuchunguza eneo la ukubwa wa shamba hadi kuchunguza ukingo wa hatua hamsini. Siku za bamvua mkondo huwa na nguvu na mifereji hufanya kazi yake vizuri, ila nyasi zilizong'oka zinaweza kukuudhi kwa kunasa ndoana kila unapotupa. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa mlegevu, mimi hutafuta sehemu nyembamba ambako hata maji mafu hulazimika kukimbia kidogo.

Kuhusu majira, kumbuka kwamba kiangazi cha huko ni Desemba hadi Februari, miezi ambayo kwetu ni ya kaskazi. Kuanzia Septemba hivi samaki huteremka kutoka sehemu za juu za mito kuelekea midomo yake kwa ajili ya kutaga, na kuanzia hapo hadi Machi ndipo majike wakubwa hukaribia milango ya bahari. Wakati wa baridi wapo pia, lakini huwa wazito; wafuate mchana, juu ya mafungu ya maji ya kina kifupi ambayo jua limeyapasha moto tangu asubuhi. Baada ya mvua kubwa, maji baridi yenye tope huwasukuma kuelekea baharini, na mpaka unaoonekana kati ya maji ya kahawia na maji safi ni mahali pa kutupa chambo, usipapuuze.

Vifaa

Kwa aliyelelewa na mshipi wa mkono kama mimi, vifaa hivi huonekana vyembamba mno mwanzoni, kiasi cha kumfanya mtu aone aibu. Fimbo ya mita 2.1 hivi, nyepesi, ya mshipi wa kilo 2 hadi 4, inatosha. Rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi, iwe ya ukubwa wa 2500. Mshipi mkuu uwe ule wa kusokotwa, wenye nguvu ya kilo 3 hadi 5, kwa kuwa haurefuki ukivutwa na hukuletea mkononi kila kinachotokea chini. Mbele ya mshipi huo funga kipande cha mshipi wa fluorokaboni chenye urefu wa mita moja hadi moja na nusu na nguvu ya kilo 5 hadi 8. Kipande hiki si pambo. Kichwabapa ana safu za meno madogo makali kama msasa, na kila anapotikisa kichwa huyasugulisha kwenye mshipi. Baada ya kila samaki pitisha vidole juu ya sentimita 20 za mwisho, na ukihisi mikwaruzo, kata ufunge upya. Samaki wakubwa wengi waliowahi kunitoroka waliondoka kwa sababu niliona uvivu wa kufanya kazi hiyo ya dakika moja.

Chambo cha kuanzia nacho ni samaki wa mpira laini, wa sentimita 7 hadi 12, mwenye mkia unaopiga maji, aliyevikwa juu ya ndoana yenye kichwa cha risasi. Ukubwa wa ndoana uwe 3/0 au 4/0, na ihakikishwe kwamba mpira umenyooka juu yake. Ukikunjwa hata kidogo, chambo huzunguka kama kizibuo na samaki hukikataa. Uzito wa risasi ndio uamuzi mkubwa kuliko mwingine wowote katika uvuvi huu. Katika maji yasiyozidi mita moja, gramu 3.5 hadi 5 zinafaa; katika mita mbili au tatu, gramu 7; mkondo ukiwa mkali, 10 na kuendelea. Kipimo chake ni rahisi: chambo lazima kiguse chini baada ya kila mruko, na uweze kutambua kwamba kimegusa. Kikichukua muda mrefu mno kufika, ongeza. Kikidondoka kama jiwe na kujichomeka topeni, punguza.

Chambo kigumu cha plastiki chenye ulimi wa kuzamia, cha sentimita 5 hadi 10, kina faida yake juu ya mafungu ya maji ya magoti, kwa sababu hukwaruza mchanga na kutifua vumbi kama kaa anayekimbia, na mtu anaweza kupekua eneo kubwa kwa muda mfupi. Kasoro yake ni zile ndoana za kidole-tatu, ambazo hunasa nyasi, nyavu, nguo na vidole vya mvuvi kwa usawa. Kuhusu rangi, mjadala wake umewapotezea watu saa nyingi kuliko ulivyowapa samaki: maji yakiwa meupe tumia rangi ya mkizi au ya kamba, yakiwa na tope tumia nyeusi au rangi kali inayoonekana, kisha rudi kwenye suala la uzito.

Kutupa na kurudisha

Ukumbuke upande aliouelekea samaki. Chakula humjia kutoka juu ya mkondo, kwa hiyo tupa kuelekea juu ya mkondo, kwa mshazari, ukirudisha chambo sambamba na ukingo wa fungu badala ya kuukata ukingo huo mara moja tu. Mtupo unaofuata ukingo kwa mita 20 hupita mbele ya pua za samaki wengi. Mtupo unaoukata hupita mbele ya mmoja, tena kwa bahati. Na kabla hujaingia majini, tupa kwanza kwenye maji ya kifundo cha mguu yaliyo mbele yako, kwa sababu mara nyingi samaki wa kwanza wa asubuhi ndiye yule ambaye wewe ulikuwa karibu kumkanyaga.

Chambo kikianguka, acha kizame huku ukiutazama mshipi. Utauona unakimbia juu ya maji kisha unalegea ghafla, hapo kimefika. Kunja rili mpaka mshipi unyooke, halafu inua ncha ya fimbo kutoka usawa wa kiuno hadi usawa wa bega kwa mirusho miwili mifupi ya haraka, ili chambo kiruke kutoka mchangani kama kamba aliyeshtuliwa. Kisha shusha ncha ya fimbo pole pole, ukiufuata mshipi bila kuuvuta na bila kuuachia ulegee kabisa, mpaka kitue tena. Ngoja. Hesabu moja, mbili, na katika miezi ya baridi hesabu hadi nne au tano, ndipo urudie. Kosa la wanaoanza, nami nililifanya kwa msimu mzima, ni kuukata muda huu wa kungoja kwa sababu mkono unawasha kutaka kufanya kazi. Lakini chambo kinapoanguka na kinapotulia ndipo kichwabapa anapokifyatukia, na wakati wa kuruka hasa ndipo hakishiki.

Mguso wake una namna mbili. Ya kwanza ni kishindo kimoja kizito, kama mtu aliyepiga ngumi mlangoni, nayo haihitaji maelezo. Ya pili ni kwamba unapoinua fimbo kwa mruko mwingine unakuta uzito ambao haukuwapo, mlegevu, kama fungu la nyasi, na wengi husema moyoni kwamba ni nyasi na kulegeza mkono. Kwa kila uzito usioeleweka, inua fimbo kwa uthabiti na uendelee kukunja. Huna haja ya kurusha mkono nyuma kwa nguvu zote, maana mshipi wa kusokotwa haurefuki ukivutwa na ndoana kali huingia kwa mvuto wa kawaida.

Ikiwa samaki amegonga akakosa, usikirudishe chambo ukatupa upya papo hapo. Kiache kilale chini, kitikise kidogo, kiache tena. Mara nyingi yule yule hugeuka na kukichukua. Ikiwa mitupo kumi kwenye ukingo mmoja haijaleta kitu, songa hatua kumi mbele. Samaki huyu hatakufuata, kwa hiyo wewe ndiye wa kutembea.

Kumpandisha na kumshika

Kichwabapa aliyenaswa huja kwa upole unaodanganya mpaka auone mguu wako au ubavu wa mashua, kisha huondoka kwa mbio moja ya ghafla, na akifika juu ya maji hutikisa kichwa kwa ukali. Hapo ndipo mishipi hukatika. Weka ncha ya fimbo chini, karibu na maji, ili kichwa chake kibaki chini ya uso wa maji, na legeza breki ya rili kidogo kabla hajafika karibu. Wavu wa mpini utangulizwe majini na samaki aongozwe aingie kwa kichwa. Ukimfuata kwa wavu kutoka mkiani, unamfundisha kukimbia. Aliye peke yake ufukweni bila wavu ajitoe nyuma taratibu, amburute samaki juu ya mchanga mnyevu pamoja na wimbi dogo, asimnyanyue hewani kwa mshipi.

Pande zote mbili za kichwa, kwenye vifuniko vya mashavu, ana miiba mikali, naye huitumia kwa makusudi kwa kupindua kichwa mkononi mwa anayemshika. Kidonda chake huuma kupita kiasi cha ukubwa wake na huchelewa kupona. Mshike kwa kitambaa kilicholowa au glavu nene, kutoka nyuma ya kichwa, au tumia koleo la kushikia mdomo huku mkono mwingine ukiutegemeza mwili. Dole gumba lisiingizwe kinywani mwake. Meno niliyoyataja yanakata nailoni, sembuse ngozi.

Ukiwa unatembea majini, vaa viatu na uburute nyayo badala ya kuzinyanyua, kwa sababu taa nao hulala kwenye mafungu yale yale, na akisikia mguu unakuja hutoka mwenyewe, lakini akikanyagwa hupiga kwa mwiba wa mkiani. Aliyechomwa na taa hulowekwa mguu katika maji ya moto kadiri ngozi inavyoweza kuvumilia bila kuungua, kisha hupelekwa hospitali. Kaskazini mwa Queensland kuna mamba wa maji ya chumvi, na huko ushauri wangu wa kutembea majini nauondoa wote: vua ukiwa ndani ya mashua, au usivue.

Sheria ni za kila jimbo. Queensland huruhusu kuchukua samaki wa sentimita 40 hadi 75, na watano tu kwa mtu mmoja. New South Wales ni sentimita 36 hadi 70, nao pia watano. Urefu hupimwa kutoka ncha ya mdomo hadi mwisho wa mkia. New South Wales na Victoria hutoza ada ya kibali cha kuvua hata katika maji ya chumvi, ilhali Queensland haitozi kwa maji yanayofikwa na bamvua. Kwa kuwa mamlaka hubadilisha vipimo mara kwa mara, zisome kanuni za jimbo husika katika wiki unayokwenda. Kikomo cha juu kipo kwa ajili ya wale majike wakubwa niliowataja, ambao ndio watagaji, na kwa maoni yangu hata bila sheria hasara ya kuwaachia ni ndogo, kwani kwa sufuria hakuna ampitaye samaki wa sentimita 45 hadi 55, mwenye nyama nyeupe, ngumu kiasi, inayokaangwa bila kuvunjika.

Jike mkubwa asininginizwe wima kwa taya kwa ajili ya picha, kwa maana uzito wa mwili wake wote hubebwa na viungo visivyoumbwa kwa kazi hiyo. Mlaze mlalo juu ya mikono iliyolowa au juu ya ubao wa kupimia uliomwagiwa maji, toa ndoana kwa koleo, na ikiwa imezama kooni kata mshipi karibu nayo badala ya kuipekua. Kisha mshike katika maji, kichwa kikielekea mkondo, mpaka aondoke kwa nguvu zake mwenyewe. Ikiwa ni kati ya Septemba na Machi, chunguza mshipi, funga upya ikihitajika, na utupe pale pale alipotoka, kwa sababu katika miezi hiyo jike mkubwa huwa hayuko peke yake, na madume wawili watatu wa ukubwa wa sufuria huwa wamelala ubavuni mwake.